Mnakimbia Nini?

Kigingi cha tatu kilikuwa kinagoma kuingia ardhini. Nimepiga magoti, jiwe mkononi, jasho machoni, na mdogo wangu kashikilia upande wa pili wa hema lisichukuliwe na kusi. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu, kile kikohozi cha kubisha hodi mahali pasipo na mlango.

Alikuwa bibi mmoja, mzigo wa kuni kichwani, kanga kajifunga kibwebwe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu." Akalitazama hema, akatutazama sisi, akalitazama tena hema. "Mnakimbia nini?"

Nilicheka.

"Hatukimbii kitu, bibi. Tumekuja kupumzika."

"Kupumzika." Alilitamka neno lile taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi kujua kama chumvi imekolea. "Nyumba hamna?"

"Tunazo. Tunakaa Mtwara mjini."

Hakuuliza tena. Alinyoosha kidevu kuelekea pale nilipokuwa nagongelea kigingi. "Hapo msilale. Hiyo ni njia ya wenyewe." Akaenda zake, na kuni hazikutikisika kichwani.

Hayo yalikuwa Agosti, kando ya Ziwa Rutamba mkoani Lindi, ambalo wengine hulitamka Lutamba. Tangu siku ile swali lake halijanitoka. Nimeandika makala hii mara tatu, na mara mbili nimeifuta kwa sababu ilikuwa inazungumzia hema.

## Wenyewe

Wenyewe ni viboko.

Tulipachagua pale kwa uzuri wake. Ni tambarare, nyasi fupi kama zimefyekwa, maji hatua arobaini mbele. Hatukujiuliza ni nani aliyefyeka. Bibi alipoondoka ndipo nilipoinama nikaona mapito mawili yanayokwenda sambamba, yamechimbika, katikati yakiwa na tuta dogo la majani, yakishuka moja kwa moja ziwani. Kiboko ana kifua kipana, miguu yake ya kushoto na ya kulia inakanyaga mbalimbali, na kwa kuwa hurudia njia ileile usiku baada ya usiku, ardhi huishia kuchongeka namna ile. Mchana anashinda majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Giza likiingia anapanda kula majani, kilo arobaini hivi kwa usiku mmoja, na kabla hapajakucha anarudi. Ole wake atakayekutwa kati yake na maji.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Nilisoma nikiwa kitandani Mtwara.

Tulihamisha hema tukapanda nalo mteremko, karibu mita mia mbili, mpaka chini ya mkwaju. Asubuhi tulikuwa tumepita ofisi ya kijiji kujitambulisha, kama inavyotakiwa, na mwenyekiti alitupa ruhusa pamoja na agizo moja: "Mwezi unachelewa siku hizi. Magharibi ikiingia kaeni hapohapo kwenye moto wenu, msizurure." Nilidhani anaogopa tusijikwae.

Saa za mwanzo za usiku ule zilikuwa nzito. Upande wa msitu wa Litipo komba walianza kulia, kwanza mmoja, kisha mwingine akamjibu kutoka mbali. Misitu ile, pamoja na ya Rondo kule juu, ndiyo maskani ya komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi mwenye mkia kama brashi ya kuoshea chupa, mmoja wa komba wadogo kuliko wote duniani. Anaishi kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania na hana kwingine pa kwenda. Nilimweleza mdogo wangu hayo kwa kunong'ona, naye akanong'ona, "Dada, kwa nini tunanong'ona?" Sikuwa na jibu. Kuna giza linalomshusha mtu sauti bila kumwomba.

Saa saba ya usiku kiboko alipanda.

Alipita njia yake, mita mia mbili kutoka kwetu, kisha akaiacha akaanza kula kuelekea tulipo. Kwanza unasikia majani yanavyong'olewa, ng'wa, ng'wa, kwa mpangilio, kama mtu anayefyeka bila haraka. Halafu unasikia pumzi. Moto wetu ulikuwa umebaki makaa. Mdogo wangu alinishika kifundo cha mkono, na tukabaki hivyo, ndugu wawili wenye umri wa watu wazima, tunatazama kitambaa cha hema kama vile kitambaa kinaweza kutuambia kitu.

Alikula, akasogea, akaenda.

Mimi sikulala tena. Haja ndogo ilinibana tangu saa nane, na ile zipu ambayo mchana naifungua kwa kidole kimoja sikuthubutu kuigusa. Nilivumilia mpaka kulipopambazuka, magoti yamekutana na kidevu.

## Asubuhi

Lazima niiseme asubuhi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini bado nataka kurudi.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama mtu asiyetaka kuamshwa. Mvuvi mmoja alitokea ndani yake akiwa amesimama kwenye mtumbwi, anasukuma kwa upondo, akasimama kukagua migono yake, akapotea tena. Hakukuwa na pikipiki, wala spika ya msikiti au ya kanisa, wala jirani anayewasha redio. Nilichemsha chai kwenye jiko dogo la gesi nikaikamata bilauri kwa mikono miwili. Nina miaka thelathini na minne, nina madeni, nina kazi inayonidai hata usingizini, na kwa muda wa chai ile moja hakuna kilichonidai.

Kisha akaja mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi, kashika mfuko wa rambo wenye ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, bado ina joto.

"Bibi kasema mle kabla hamjaendelea na safari."

Nilitoa hela, akarudisha mikono nyuma. Ming'oko inachimbwa porini kwa jembe na kwa mgongo. Anayeijua anajua kwamba mfuko ule ulikuwa kazi ya nusu siku. Tulikula yote. Nilimwambia mtoto amshukuru bibi, na amwambie hatuendi popote, tunalala siku moja zaidi.

*Kabla hamjaendelea na safari.* Maneno yale yalinipita sikioni kama upepo.

## Nilivyolisimulia

Niliporudi kazini Mtwara nikawa na kisa kizuri. Nilikisimulia wakati wa chai, nikaigiza na sauti: bibi na kuni zake, "Mnakimbia nini?", "Nyumba hamna?" Watu walicheka, na mimi nikakisimulia tena kwa waliochelewa. Mmoja akasema ndiyo tatizo la kuiga mambo ya wazungu, mtu ana kitanda cha futi sita anakwenda kulala chini na nyoka. Wakacheka zaidi.

Mzee wetu wa stoo hakucheka. Anakaribia kustaafu, hana maneno mengi. Kesho yake alinisubiri mlangoni.

"Yule bibi ana umri gani?"

"Anakaribia sabini, mzee. Labda amepita."

"Na ni Rutamba hasa?"

"Rutamba."

"Basi hakuwa anashangaa," akasema. "Alikuwa anauliza."

Watu wa kusini hawahitaji nirudie yote. Vita vya Msumbiji vilianza Septemba 1964, na watu wakaanza kuvuka Ruvuma, Wamakonde, Wamakua na wengine, usiku, na watoto migongoni. Nilijua hivyo tangu shule ya msingi. Kilichokuwa hakijawahi kukaa kichwani mwangu ni kwamba Rutamba yenyewe ilikuwa moja ya makazi yaliyofunguliwa kwa ajili yao katikati ya miaka ile ya 1960. Nilikuwa nimepaona kwenye ramani kama ziwa la rangi ya buluu lenye msitu pembeni. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975 wengi walirudi kwao. Wengine walikuwa wameshaoa, wameshaolewa, wameshazika. Wakabaki.

Mzee wa stoo aliondoka. Mimi nikabaki pale mlangoni, na ndipo maneno ya mtoto yaliponifikia, wiki mbili baada ya kusemwa.

Bibi alikuwa hakutuamini. Alidhani tunaficha, kama wanavyoficha wanaokimbia. Kwa hiyo aliacha kuuliza, akachimba ming'oko.

## Simu kwa mama

Siku kadhaa sikuweza kulifikiria hema. Nililitundika sebuleni likauke na nikaliacha palepale likiwa limening'inia.

Kisha nikampigia mama, Nachingwea. Nilitaka kumuuliza jambo ambalo, kwa aibu yangu, sijawahi kumuuliza katika maisha yangu yote: kama yeye aliwahi kulala porini.

"Porini wapi? Shambani?"

"Popote, mama. Nje ya nyumba."

"Kila mwaka," akajibu, kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kula ugali.

Alikuwa darasa la nne. Mahindi na mtama vikianza kukomaa familia iligawana: mchana watoto kuamia ndege, usiku wakubwa kulinda nguruwe. Mwaka babu alipougua mguu, mama na dada yake ndio waliopanda dunguni. Dungu lilikuwa miti minne, kitanda cha fito, paa la nyasi. Chini waliacha moto, juu walikuwa na debe la kupiga na mkeka mmoja.

"Mlikuwa mnaogopa?"

"Kulala hatukuogopa. Juu kulikuwa kuzuri, kuna upepo, dada yangu alijua hadithi." Akanyamaza kidogo. "Hofu ilikuwa kushuka."

"Kushuka kwenda wapi?"

"Mwanangu, mtu si anakojoa?"

Sikusema kitu. Nilikuwa naisikia zipu ya hema.

Mama akaendelea bila kuulizwa, jambo ambalo si kawaida yake. Mwaka ule ng'ambo ya bonde simba alimchukua mtu. Alishuka tu kuchochea moto. Baada ya hapo wao wawili walikuwa wanapanda na kopo, na hawashuki mpaka jua litoke, na asubuhi wanakwenda shule. Mama alisema "wanakwenda shule" kwa sauti ileile aliyosemea "simba".

Nilitafuta kusoma. Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha hesabu ya miaka kumi na mitano: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 Tanzania, na Lindi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia kuliko mengine. Mashambulizi mengi yalitokea msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Sababu yake inauma kwa jinsi ilivyo rahisi kueleweka. Wanyama wa porini wakipungua, simba anabaki na nguruwe; nguruwe anafuata mahindi; mkulima anamfuata nguruwe, analala shambani. Wote watatu wanakutana dunguni.

Utafiti mwingine wa kundi hilohilo ulipitia mashambulizi ya kusini-mashariki kati ya 1988 na 2009. Hatari ilikuwa kubwa saa za mwanzo za usiku, na ilipanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu, pale jua linapotua na mwezi haujachomoza bado. *Mwezi unachelewa siku hizi, msizurure.* Mwenyekiti hakutaja simba hata mara moja. Alitupa tu kanuni ya nyumbani kwao, kama mtu anavyomwambia mgeni mahali palipo na choo.

## Dago

Rafiki yangu mmoja, niliyemweleza yote haya, alinijibu kwa mkato: "Basi acha. Umeshaona si mambo yetu."

Hapo nilikataa, na bado nakataa.

Wavuvi wa Kilwa na Songosongo wanakwenda dago. Wanaondoka na chumvi, maji, unga, wavu, wanapiga kambi kwenye kisiwa au ufuko usio na mtu, wanavua na kukausha samaki mpaka upepo ugeuke. Nimekaa na vijana waliotoka dago. Wanalalamika mbu, wanalalamika maji ya chumvi, kisha wanaanza kusimulia usiku wa kule, nyota zake, moto wake, nani aliimba na nani aliogopa, na nyuso zao zinabadilika. Hakuna aliyewafundisha kufurahia kulala nje. Mama naye, katikati ya hadithi ya simba, alisema juu kulikuwa kuzuri, kuna upepo. Hayo yalimtoka mwenyewe.

Kwa hiyo si kweli kwamba starehe ya kulala porini ililetwa na mtu mwingine. Ilikuwepo, imefungwa gunia moja na kazi na hofu. Mimi nimekwenda nikaitoa starehe peke yake, nikaliacha gunia.

Je, ni kosa? Nimelizungusha swali hili wiki nzima. Kuna siku naona ndiyo, kwamba kugeuza usiku wa mama yangu kuwa mapumziko ya Ijumaa hadi Jumapili ni utovu wa adabu. Kuna siku namwona mama dunguni, msichana wa miaka kumi, na nafikiri kwamba kama kuna kitu angekitamani ni binti yake aweze kulala palepale na kushuka apendapo. Ila mimi sikushuka. Nilikuwa na taa ya kichwani, simu yenye chaji na mdogo wangu wa kiume pembeni, na sikushuka.

## Oktoba

Wiki iliyopita nimerudi. Nilikwenda peke yangu, kwa siku moja, na sikupanga kulala. Jua lilikuwa kali, mabibo yameanza kudondoka, njia nzima inanuka utamu wake. Nilichukua sukari, sabuni, chumvi na kanga. Hema nilikuwa nalo pia, mgongoni, nami sikujua hasa kwa nini nimelibeba.

Nyumba yake haikuwa ngumu kuipata. Mtoto wa ming'oko ndiye aliyeniona kwanza.

"Umerudi," bibi alisema. "Yule kaka yako yuko wapi?"

"Ni mdogo wangu, bibi. Yuko Mtwara, mzima."

"Mzima," akarudia, na nikaona kwamba hili lilikuwa limekaa naye.

Nilimwomba radhi kwa kile kicheko. Hakukikumbuka. Alichokumbuka ni kwamba nilikuwa nagongea kigingi kwa jiwe lenye ncha, na aliogopa nitajikata. Tukakaa uani. Nilimuuliza kwa njia ya kuzunguka, naye akajibu moja kwa moja. Ndiyo, alivuka. Alikuwa mtoto, hajavunja ungo. Alibeba kuku, kwa sababu mama yake alibeba mdogo wake na baba yake hakuwepo. Kwenye mtumbwi waliambiwa mtu asikohoe, na yeye akamziba kuku mdomo kwa vidole vyake viwili njia nzima ya maji, mpaka ng'ambo. Alinionyesha vile vidole.

"Alikufa?" niliuliza.

"Nani, kuku? Hakufa. Alitaga hapa."

Kisha akanyoosha kidevu kuelekea begi langu. "Ndiyo ile nyumba yenu?"

Nililitandaza uani. Majirani walikuja kutazama, watoto wakashika kamba, na safari hii vigingi viliingia bila shida kwa sababu bibi alimtuma mjukuu alete mchi. Lilipokuwa limesimama alilizunguka mara moja, akigusa kitambaa kwa nyuma ya mkono. Akavua ndala. Akaingia.

Alijilaza chali, mikono kifuani, akatazama juu. Nikamfuata, nikalala pembeni yake. Mwanga wa ndani ulikuwa wa kijani, kama chini ya migomba.

"Funga," akasema.

Nikavuta zipu. Kelele za watoto zikapungua. Bibi alikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba nilifikiri amesinzia.

"Linafunguka kwa ndani?"

"Ndiyo, bibi."

Hakuningoja nimwonyeshe. Alijiinua kwa kiwiko, akapapasa, akakipata kile kikamba, akavuta. Mlango ukafunguka. Akaufunga. Akaufungua tena, polepole, akisikiliza meno ya zipu yanavyopita moja moja, na safari hii akauacha wazi, akatoa kichwa nje.

"Mkija tena," alisema akiwa bado anatazama nje, "kule chini msiende. Lipigeni hapa uani kwangu. Na mlango usitazame ukuta. Utazame njia."